Abiria wa Pointi Zilizoibwa

Kazini walimwita Bi Pointi, naye hakuchukia. Alikuwa fundi wa mashine za eksirei. Kampuni iliyomwajiri ilimrusha huku na huku, leo hospitali ya mji huu, wiki ijayo zahanati ng'ambo ya mpaka, na kila aliposhuka kwenye ndege shirika lilimwandikia pointi zake. Wenzake walikuwa nazo pia, ila zao ziliishia kwenye mabirika ya umeme na mabegi. Mmoja alichukua pasi ya nguo. Bi Pointi alimcheka hadi machozi yakamtoka.

"Pointi za kwenda na kurudi, ndugu yangu, ukachukulia pasi? Si ungeingia dukani tu ukanunua pasi mbili na soda juu!"

Somo lake lilikuwa moja, na alilitoa hata kwa asiyemuuliza. Pointi haina bei yake yenyewe, bei unaipa wewe siku unayoitumia. Usiitoe kwa safari fupi ambayo ungeweza kuilipia mfukoni. Ngoja safari ndefu, kaa kile kiti cha mbele ambacho usingekinunua hata kwa mshahara wa miezi. Vizia siku wanapofungua viti vya pointi, kabla wengine hawajaamka. Chungulia mashirika rafiki, maana kiti kilekile kwa mlango wa pili huweza kuwa nafuu. Na usizilaze sana, kwa sababu viwango hupandishwa bila hodi.

Yeye mwenyewe alikuwa anavizia kiti cha mama yake. Mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na kukaa wima kwa muda mrefu kulimtesa. Kaka mkubwa wa Bi Pointi alikuwa anafanya kazi mbali, kuvuka bahari, na mke wake alikuwa amejifungua mapacha. Daktari alisema bibi anaweza kwenda kuwaona wajukuu, mradi alale njiani. Kwa hiyo ilitakiwa kile kiti kinachonyooka kama kitanda. Pointi zilikuwa zimetimia. Jina la mama lilikuwa limeshaingizwa kwenye akaunti, pamoja na namba ya pasipoti yake na ombi la kiti cha magurudumu. Kilichobaki ni shirika kufungua viti.

Vilifunguliwa asubuhi moja Bi Pointi akiwa kwenye chumba cha eksirei, amepiga magoti sakafuni, mkono umezama hadi kiwiko ndani ya tumbo la mashine. Simu ikatetema. Alijifuta grisi, akakaa kwenye stuli ya mpiga picha, akafungua akaunti huku anatabasamu peke yake kama mwehu.

Pointi hazikuwepo. Yaani zilikuwepo, lakini makombo. Zaidi ya nusu zilikuwa zimekwenda.

Alidhani mtandao umemchezea. Akatoka, akaingia tena. Makombo yaleyale. Ndipo akaona chini yake safari iliyokatiwa tiketi juzi: mtu mmoja, daraja la kawaida, kwenda tu bila kurudi, ndege ya kesho mchana, kutoka uwanja wa mji huuhuu. Jina la abiria lilikuwa la msichana ambaye hakumjua kwa ukoo wala kwa ujirani. Tarehe ya kuzaliwa ilionyesha ametimiza miaka kumi na minane majuzi tu.

"Hata kuiba hawajui kuiba," alisema kwa sauti. Kilichomuuma mwanzoni kilikuwa hicho. Pointi zote hizo kwa kiti cha nyuma, safari ya kukatwa dakika za mwisho, bei ya kukomoana! Mtu mwenye akili angepata viti vitatu kwa pointi hizo.

Alipiga simu kituo cha huduma kwa wateja. Mhudumu, kijana mwenye sauti ya upole, alimhakikishia kwamba tiketi inaweza kughairiwa sasa hivi na pointi zitarudi uchunguzi ukikamilika. Akamwomba asubiri kidogo. Muziki ukapigwa, ukapigwa, kisha simu ikakatika.

Bi Pointi alisonya. Hapo kwenye kioo cha simu, chini ya jina la msichana, palikuwa na namba ya simu ya abiria. Hasira ilikuwa bado imempanda. Akaona asipate shida ya kusubiri muziki mwingine, amwambie mwizi wake ukweli kwanza. Akapiga.

"Haloo, shikamoo anti!" Sauti ilikuwa changa na yenye furaha tele.

Matusi yote aliyokuwa ameyapanga yakampotea. "Marahaba," lilimtoka lenyewe. "Naongea na nani?"

"Mimi wa kesho, anti. Wa ndege ya mchana. Anko alisema ofisi itanipigia kunipa maelekezo."

Bi Pointi alitazama mlango wa chumba, ulikuwa umefungwa. Hakujua kwa nini aliteremsha sauti. "Eeh. Hebu nieleze wewe kwanza ulivyoelekezwa, nione kama kuna kilichosahaulika."

"Nisiongee na mtu kwenye ndege. Nikiulizwa, niseme naenda kumsalimia shangazi. Nikifika nitapokewa na bosi mwenyewe."

"Unaye shangazi kule?"

Msichana akacheka. "Sina mtu, anti. Si ndivyo tulivyofundishwa?"

"Na kazi ni ipi, wamekwambia?"

"Kulea wazee. Au hotelini. Anko anasema itategemea bosi atakavyonipenda."

Ubaridi ulimpanda Bi Pointi kutoka kwenye nyayo. Chumba cha eksirei daima huwa na baridi, lakini huu ulikuwa mwingine.

"Pasipoti yako unayo hapo?"

"Anko anatutunzia zote. Zisije zikapotea."

"Mko wangapi?"

"Tumebaki wanne. Wenzetu walishatangulia."

"Wamewapigia simu tangu wafike?"

"Bado. Anko anasema laini za kule zinachelewa."

"Na nyumbani kwenu wanajua unasafiri?"

"Mama anajua nimekuja mjini kusoma ushonaji. Nitamwambia nikishafika, nataka nimshtue." Kisha, nyuma yake, sauti ya mwanaume ikauliza kwa utaratibu, unaongea na nani wewe? Simu ikakatwa.

Bi Pointi alikaa na simu sikioni, haina mtu. Alikuwa amesikia habari za namna hii redioni, akiwa anakoroga chai, akatingisha kichwa na kuendelea na chai yake. Sasa habari ilikuwa imemuita anti, na ilikuwa inasafiri kesho kwa pointi zake.

Simu ikaita mkononi mwake, akaruka nusura aiangushe. Ilikuwa namba nyingine. Alidhani ni yule mhudumu wa shirika, akapokea.

"Dada," ilisema sauti ileile ya utaratibu. "Nisikilize, dada yangu. Usiogope."

Hakuna kitu kilichowahi kumwogopesha kama kuambiwa vile asiogope.

"Naona umegundua kuna tiketi. Ni kosa dogo la vijana wangu, wamekosea akaunti. Usighairi. Kesho akishapaa, nitakurudishia pointi zako mara mbili. Wewe ni mtu wa mahesabu, unaona mwenyewe hiyo ni faida."

"Wewe ni nani?"

"Ukighairi, itakuwa usumbufu kwako na kwangu. Na sitaki usumbufu na mtu mwenye mgonjwa." Kisha akamsomea, polepole, jina kamili la mama yake, tarehe ya kuzaliwa ya mama yake, na mtaa na namba ya nyumba yao. "Mzee anahitaji kiti cha magurudumu, nimeona. Pole sana. Mchana anabaki na nani?"

Akakata yeye.

Bi Pointi hakukumbuka alivyofunga kifuniko cha mashine. Alikumbuka tu mpiga picha akimwita kwenye korido, "Fundi, fundi, umeacha begi lako!" na yeye asigeuke. Kwenye teksi alimpigia mama simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika. Dereva alimtazama kwenye kioo, akaongeza mwendo bila kuambiwa.

Geti lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha. Ufunguo ulikataa kuingia tunduni. Alipofika sebuleni, mama alikuwa kwenye kiti chake, anashona kifungo cha shati, redio imefunguliwa kwa sauti ya kuziba masikio.

"Mbona mapema? Umefukuzwa kazi?"

Bi Pointi alikaa chini kwenye zulia, akalaza kichwa kwenye goti la mama yake, la upande usiouma, akalia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi zake, lakini alilia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Kisha akasimulia yote. Mama alizima redio. Hakuuliza swali hata moja mpaka mwisho.

"Mwache," mama alisema.

"Mama?"

"Ghairi, chukua vitu vyako, badilisha hayo manamba yako ya siri, tufunge mlango. Watu wale si wa kuchezea. Mimi nina nyonga moja, wewe una mdomo. Tutawafanya nini?"

Bi Pointi hakubisha. Kusema kweli alifarijika, kwa sababu na yeye alitaka hivyohivyo, ila alitaka mtu mwingine ndiye aseme. Akafuta kamasi, akapiga tena shirika la ndege ili aghairi. Mhudumu aliposikia habari ya msichana na ya yule mwanaume, upole wake ulibadilika. Alimwomba asiguse kitu kwenye akaunti na asikate simu. Muziki haukupigwa safari hii. Baada ya muda ikaingia sauti nzito ya mwanamke, afisa wa polisi wa uwanja wa ndege.

Afisa alimsikiliza, akamwuliza mambo machache, akaandika. Kisha akamwambia bila kuzungusha.

"Ukighairi, pointi zako zitarudi. Na binti ataondoka keshokutwa kwa pointi za mtu mwingine ambaye hajafungua simu yake. Hapo sisi tutakuwa hatujui jina wala ndege."

"Basi mkamateni kesho kabla hajapanda. Mnanihitaji mimi wa nini?"

"Binti ni mtu mzima. Ana pasipoti na viza. Akisema anaenda kwa shangazi, sina la kumfanya. Nitakachokuwa nacho ni tiketi ya wizi tu, na tiketi ya wizi inataka mwenye mali asimame mbele yangu aseme hii ni mali yangu. Tena wewe umeisikia sauti ya huyo bwana. Sikulazimishi, mama. Nakwambia tu ilivyo."

"Na mama yangu?"

"Mtoe hapo nyumbani. Leo."

Jioni, walipokuwa wanafunga vitu vichache vya kwenda navyo kwa binamu yao, gari lilisimama nje ya geti na kuacha injini inaunguruma. Mama na Bi Pointi walisimama kwenye korido, mmoja ameshika fimbo, mwingine ameshika bisibisi kubwa ya kazini, wala hakuna aliyejua angefanya nini nayo. Gari lilikaa. Kisha likaondoka. Huenda lilikuwa la mtu aliyepotea njia. Mpaka leo hawajui.

Kwa binamu hawakusema ukweli, walisema bomba limepasuka. Kulipopambazuka mama alikuwa ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, kama anayesubiri kuitwa.

"Nilikwambia jana umwache," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa naogopa. Bado naogopa. Ila nimelala namfikiria yule mama mwenzangu. Yeye anadhani mtoto wake yuko kwenye cherehani." Akaminya midomo. "Nenda. Ila ukiona mambo yanaharibika, kimbia, usijifanye askari."

Afisa wa polisi alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alivaa kiraia, blauzi na suruali, na alikuwa amejibebesha begi dogo kama msafiri. Alimweka Bi Pointi kwenye viti vya chuma karibu na mgahawa, mahali panapoonekana kaunta zote, akampa gazeti.

"Wewe kaa tu. Binti akifika kaunta, mhudumu atamwambia kuna hitilafu ndogo, atampitisha mlango wa pembeni. Sisi tupo. Yule bwana hajui sura yako, sivyo?"

"Hajui." Kisha wasiwasi ukamjia. Je, kama walimtafuta mtandaoni? Picha yake ilikuwepo kwenye tovuti ya kampuni, amekumbatia mashine. Alivuta kitambaa cha kichwani mpaka kwenye nyusi.

Ukumbi ulijaa. Mikokoteni iligongana, mtoto alilia, kipaza sauti kiliita majina. Kila mwanaume aliyepita Bi Pointi alimwona ndiye. Mwenye tai ndiye. Mwenye kofia ndiye. Hata mzee aliyekuwa anafuta sakafu alimtilia shaka. Gazeti halikusomeka, akaliweka mapajani.

Ndipo akamwona msichana. Hakuambiwa na mtu, alimjua tu. Alikuwa mwembamba, amesukwa vizuri, nywele mpya kabisa, amevaa koti zito lisilolingana na joto la siku ile, na begi jipya lenye lebo ya dukani bado inaning'inia. Alikuwa peke yake. Alitembea kuelekea kaunta huku akigeuka mara kwa mara kutazama nyuma, kama mtoto siku ya kwanza shuleni.

Alikuwa anamtazama mtu. Bi Pointi akageuza shingo kufuata macho yake.

"Samahani, dada," ilisema sauti pembeni ya sikio lake. "Kiti hiki kina mtu?"

Nywele zilimsimama. Sauti ile ya utaratibu, ile ya nisikilize dada yangu, ilikuwa imesimama juu ya bega lake. Mwanaume alikuwa wa kawaida kabisa. Shati safi, kitambi kidogo, miwani, begi la ngozi kwapani. Ungemwona popote ungemwamkia. Alikuwa anangoja jibu.

Bi Pointi alifungua kinywa, akakumbuka kwamba mwanaume yule naye anaijua sauti yake. Neno moja tu, hata hapana, lingetosha. Akakifunga. Akashika koo lake, akakohoa kikohozi kikavu, akatikisa kichwa na kuonyesha kiti kwa mkono: kaa.

"Pole, mafua ya siku hizi mabaya," mwanaume alisema, akakaa. Bega lake liligusa la Bi Pointi. Alinukia sabuni. Alitoa simu, akaiweka sikioni, macho yake kwenye kaunta. "Endelea mbele, mwanangu," aliiambia kwa upole. "Mpe pasipoti. Tabasamu. Mimi nipo hapa nakuona."

Kule kaunta msichana alikuwa na simu sikioni, akatabasamu.

Afisa wa polisi alikuwa upande wa pili wa ukumbi, amegeukia mlango wa pembeni, anasubiri binti. Hakuwa anamtazama Bi Pointi. Mhudumu wa kaunta aliichukua pasipoti, akatazama kompyuta, akasema kitu. Msichana akageuka nyuma, uso umembadilika. Mwanaume akakata simu. Alijisogeza ukingoni mwa kiti. Akaliweka begi lake sawa kwapani, kama mtu anayetaka kuinuka.

Bi Pointi baadaye aliulizwa mara nyingi, na polisi, na mwanasheria, na mama, aliwaza nini pale. Hakuwaza kitu. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, hakuweza kukimbia hata kama angetaka. Vidole tu ndivyo vilivyokuwa vinatii. Aliteremsha simu yake chini ya gazeti, akatafuta ile namba iliyompigia jana, akabonyeza.

Simu ikalia ndani ya begi la ngozi. Si ile aliyoshika mkononi. Nyingine, yenye mlio mkubwa wa kizamani, ikalia na kulia.

Mwanaume alilitazama begi. Kisha akageuka taratibu akautazama uso wa Bi Pointi, kitambaa, gazeti, na mwanga wa kioo cha simu uliokuwa unaonekana kwenye ukingo wa gazeti. Akaelewa. Hakupandisha sauti. "Dada," alisema, "si nilikwambia?"

Hapo sauti ya Bi Pointi ikarudi yote kwa mkupuo. "Huyu hapa!" alipiga ukelele uliowageuza watu mpaka wa nje ya milango ya vioo. "Ndiye huyu! Mshikeni, huyu hapa!" Mwanaume alisimama aondoke kwa mwendo wa heshima, kama mtu asiyehusika. Mkokoteni wa abiria ukamzuia, afisa akatokea na wenzake wawili, na miwani ikaanguka. Ilikwisha kwa kufumba na kufumbua. Bi Pointi aliendelea kupiga kelele muda mrefu baada ya hapo, mpaka muuzaji wa mgahawa alipomletea maji na kumshika mikono yote miwili.

Hakuna aliyemshukuru siku hiyo. Kwenye chumba cha polisi msichana alikaa ameelekea ukutani, koti lake zito amelifunga vifungo vyote. Alipoisikia sauti ya Bi Pointi aligeuka.

"Kumbe ni wewe. Anti wa ofisini." Macho yalikuwa yamemvimba. "Umeniharibia maisha yangu. Nani alikuomba?"

Pointi zangu, Bi Pointi alitaka kusema, lakini lilikuwa jambo la kijinga kulisema mbele ya mtoto yule.

Ndani ya begi la ngozi zilikutwa pasipoti za wasichana wengine watatu. Polisi walipofika kwenye nyumba ambamo mwanaume yule aliwaweka, mlango ulikuwa na kufuli kwa nje, na wasichana wote watatu walikuwa ndani. Wale waliotangulia ilikuwa kazi nyingine. Mmoja alipatikana miezi mingi baadaye, akarudishwa kwao, akawa haongei na mtu. Wengine hawajulikani walipo hadi leo. Bi Pointi huwafikiria wale kuliko hawa.

Hofu haikuisha kwa mwanaume yule kufungwa pingu. Vijana wake wa mtandaoni hawakukamatwa wote. Kwa wiki kadhaa Bi Pointi na mama walikaa kwa binamu, bomba la uongo likiendelea kupasuka, mpaka wakaona bora waseme ukweli. Simu zisizo na mtu ziliingia alfajiri. Kazini aliomba asiachwe peke yake chumbani, na wenzake, waliokuwa wakimtania kila siku, walipeana zamu kukaa naye bila kusema neno.

Pointi zilirudi, lakini uchunguzi uliburuta miguu, na viti vya mama vilikuwa vimekwisha. Halafu shirika likapandisha viwango. Ikabidi apitie kwa shirika rafiki, na ndege ya kuunganisha katikati ya njia, na bado alibakiwa na chache. Mama alilala safari nzima. Alipiga simu kutoka kwa kaka na pacha mmoja analia kifuani mwake, akasema kiti kile kina vitufe vingi kuliko redio.

Kesi ilipofika mahakamani, Bi Pointi alitapika mara mbili kabla ya kutoka nyumbani. Kwenye benchi la korido alimkuta msichana amekaa na mama yake. Nywele mpya zilikuwa zimefumuliwa, na koti halikuwepo. Msichana alimwamkia kwa sauti ndogo, akasogea kumpa nafasi. Hakuomba msamaha, na Bi Pointi hakuungoja.

Mama wa msichana, mwanamke mwenye viganja vigumu vya jembe, alimgeukia.

"Wameniambia habari yako," alisema. "Ila kuna kitu sijaelewa, dada. Wanasema mwanangu alikatiwa tiketi kwa pointi. Pointi ni pesa?"

"Si pesa hasa."

"Ni kama deni?"

"Hapana. Ukipanda ndege wanakuandikia, kidogokidogo. Halafu siku moja unazitumia kupanda tena bila kulipa."

"Bure?"

"Si bure, maana ulishalipa zile safari za mwanzo."

Mama yule aliliwaza hilo, uso umekunjamana. "Sasa kwa nini wasipunguze tu nauli ya mwanzo?"

Bi Pointi alifungua kinywa kumjibu. Miaka yote aliyotoa somo lake, hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Alijikuta anacheka, cheko dogo la puani, na mama wa msichana akacheka pia bila kujua kinachochekwa, na msichana akawatazama wote wawili. Kisha mlango ukafunguliwa, karani akaita jina la Bi Pointi, jina lake lenyewe la kuzaliwa, na cheko likakatika. Ndani, kupitia mwanya wa mlango, alikiona kisogo cha yule mwanaume, kimenyolewa vizuri.

"Twende," msichana alisema, akasimama naye. "Mimi nilishatoa ushahidi jana. Nitakaa mstari wa mbele, uniangalie mimi."

Wakaingia.